Sura ya Saba: Bukoba hadi Mtwara kwa Njia ya Anga

Kati ya uwanja wa ndege wa Bukoba na ule wa Mtwara kuna kilomita zipatazo 1,360 angani, na zote zimo ndani ya Tanzania. Ndege ikinyoosha njia huacha Ziwa Victoria nyuma na kuikuta Bahari ya Hindi mbele, bila kuvuka mpaka wowote. Kwa ndege za pangaboi za siku hizi, hiyo ni safari ya saa mbili na nusu hadi tatu. Lakini mwalimu kijana aliyezaliwa Kamachumu kisha akapangiwa shule Masasi haioni safari ya namna hiyo. Kwa barabara ana karibu kilomita 2,000 za kupitia Kahama, Singida, Dodoma, Dar es Salaam na Lindi, na anazimaliza kwa siku mbili au tatu za kukaa kwenye mabasi. Akijikaza akakata tiketi ya ndege, bado safari inaweza kumla siku nzima, na mara nyingine ikamlaza Dar es Salaam. Katika sura hii nataka kulifuata pengo hilo hatua kwa hatua, tangu hesabu ya umbali hadi ratiba, ili tuone saa zinapotelea wapi.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana kila aliyesoma hisabati ya sekondari amewahi kukutana nayo katika mada ya dunia kama tufe. Uwanja wa Bukoba uko nyuzi 1 na dakika 20 kusini mwa ikweta, na nyuzi 31 na dakika 49 mashariki. Wa Mtwara uko nyuzi 10 na dakika 20 kusini, na nyuzi 40 na dakika 11 mashariki. Marubani hupima umbali kwa maili za baharini, na uzuri wa kipimo hicho ni kwamba kila dakika moja ya latitudo ni maili moja, yaani mita 1,852. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 9 kamili, sawa na dakika 540, basi maili 540. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 8 na dakika 22, sawa na dakika 502. Longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, lakini hapa bado tuko karibu nayo, hivyo tunapunguza nusu tu ya asilimia moja na kubaki na maili 499. Pande hizo mbili zikishapatikana, kanuni ya Pythagoras inamalizia kazi: maili 735 za baharini, ambazo ni kilomita 1,361. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na kompyuta ikilizingatia hilo hupunguza kilomita moja au mbili. Ndiyo maana naandika 1,360 bila wasiwasi.

Kwa safari ndefu za kaskazini ya dunia, mstari mfupi kuliko yote huonekana kwenye ramani umepinda kama upinde. Ndege inayotoka Ulaya kwenda Marekani hupanda juu kuelekea Greenland kwa sababu hiyo. Huku kwetu karibu na ikweta upinde huo ni mdogo mno. Kati ya Bukoba na Mtwara, rula iliyolazwa kwenye ramani ya ukutani na njia halisi ya tufe hupishana kwa kilomita chache tu, na msomaji mwenye ramani nzuri anaweza kuthibitisha kila nitakalosema kuhusu miji iliyo chini ya njia hiyo.

Na ni njia yenye mambo mengi. Kilomita 175 za mwanzo, sehemu kubwa ni maji, zinafuata upande uleule ambao meli zimekuwa zikiuendea kutoka Bukoba hadi Mwanza, njia ambayo familia nyingi za Kagera haziwezi kuitaja bila kuikumbuka MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Mstari unapita juu ya Mwanza yenyewe. Kisha unaiacha Shinyanga upande wa kulia, unapita karibu na Singida, na kilomita 47 hivi kaskazini-mashariki mwa Dodoma unafika nusu ya safari. Narudia, maana jambo hili litatufaa mbele: Dodoma iko karibu katikati kabisa ya Bukoba na Mtwara. Baada ya hapo ardhi inashuka kuelekea Kilosa, mji wa reli ya kati, na ndege inauacha Morogoro na milima ya Uluguru upande wa kushoto. Inafuata nyika ya Selous ya zamani, na karibu chini ya mstari kuna bonde ambalo mto Rufiji umezuiliwa ili kuzalisha megawati 2,115 katika Bwawa la Julius Nyerere. Kutoka hapo ni misitu mpaka karibu na Lindi, kisha mikorosho, kisha bahari. Sijui njia nyingine ya ndani ya nchi hii inayoikata Tanzania kwa ukamilifu kiasi hicho.

Umbali ukishajulikana, muda unategemea ndege. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilitumia ndege aina ya DC-3, ile Dakota iliyozoeleka, kufika kwenye viwanja vidogo. Dakota husafiri kwa mwendo wa kilomita 270 hivi kwa saa, hivyo mstari wetu ungeichukua saa tano. Cessna Caravan, inayobeba abiria wapatao 12 na kutua hata kwenye viwanja vya changarawe, ingehitaji zaidi ya saa nne, na ikiwa imejaza watu na mizigo ingelazimika kushuka mahali kuongeza mafuta. ATR 72 huenda kilomita 500 kwa saa na kitu, na Dash 8 Q400, ambayo Air Tanzania imeipa viti 76, hukaribia 650. Airbus A220 hupita 800.

Ukigawa umbali kwa mwendo, Q400 inatoa saa mbili na dakika sita. Jibu hilo ni sahihi darasani tu. Ndege haianzi na kilomita 650 kwa saa. Inatembea ardhini kutoka maegesho hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inapanda kwa mwendo wa chini, kisha huku mwisho inapunguza mwendo mapema, inajipanga na uwanja na kushuka. Kwa safari ya ukubwa huu, kuongeza dakika 20 juu ya hesabu ya kugawanya kunakuweka karibu na ukweli. Q400 inafika saa mbili na dakika 26, na ATR 72 inapita kidogo saa tatu. Jambo muhimu ni kwamba dakika hizo 20 hulipwa katika kila mruko, uwe mrefu au mfupi. Safari ya kilomita 175 kutoka Bukoba hadi Mwanza inazilipa sawasawa na safari ya kilomita 1,360. Ndiyo maana njia iliyokatwa vipande viwili au vitatu huchelewa hata kama kilomita hazijaongezeka.

Upepo nao una sauti yake. Katika ukanda wetu, kwenye kimo ambacho ndege za pangaboi huruka, futi 17,000 hadi 25,000, pepo nyingi hutoka mashariki. Anayetoka Bukoba kwenda Mtwara anaelekea kusini-mashariki, hivyo mara nyingi upepo humkabili, na anayerudi husukumwa. Tuseme upepo unaomkabili una nguvu ya kilomita 37 kwa saa. Q400 itatumia dakika 133 za kuruka badala ya 126, na kurudi itatumia 119. Dakika 14 kati ya kwenda na kurudi si nyingi, lakini mpanga ratiba anayezipuuza ataandika saa ambazo rubani wake hawezi kuzitimiza.

Sasa tuje kwenye viwanja, kwani hapa ndipo ukubwa wa ndege unapoamuliwa na ardhi. Uwanja wa Mtwara umekaa mahali pa wazi, mita 110 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita mbili. Ndege kama A220 inatua na kuruka pale bila shida. Bukoba ni habari nyingine. Uwanja umebanwa kati ya ziwa na mji, njia yake ya kurukia haizidi sana kilomita moja na nusu, na uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na pia hupunguza uwezo wa bawa kuinua ndege, hivyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Ukiunganisha hewa hiyo na ufupi wa njia, A220 inabaki nje ya orodha, na hata ndege za pangaboi zinapaswa kupimwa uzito kwa makini: mafuta kiasi gani, mizigo kiasi gani, abiria wangapi. Kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa kujenga uwanja mkubwa Omukajunguti, wilayani Missenyi, na watu wa Kagera wameusubiri kwa muda mrefu kuliko wanavyostahili.

Halafu kuna ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa hupanda juu ya nchi kavu na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: ziwa hubaki na joto lake, hewa hupanda juu ya maji, na mawingu ya radi hujengeka ziwani hadi alfajiri. Upande wa magharibi wa ziwa hupokea mvua hizo asubuhi, wakati ambao ndege ya kwanza kutoka Dar es Salaam inakaribia. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na wenyeji hawahitaji kuelezwa jinsi asubuhi inavyoweza kufunga ghafla.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki dunia, wakiwemo marubani wote wawili. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Nawaandika hapa kwa heshima, wale waliotangulia na wale waliowaendea, kwa sababu mtu akisoma kwamba Bukoba iko saa mbili kutoka Dar es Salaam anapaswa kujua kwamba namba hiyo inaitegemea hali ya anga ya dakika kumi za mwisho. Kwa kila safari ya abiria rubani hubeba mafuta ya kufika, mafuta ya kwenda uwanja mbadala, ambao kwa Bukoba mara nyingi ni Mwanza, na juu ya hayo akiba ya dakika 30 za kuzunguka angani. Abiria anayeona ndege yake imepita juu ya Bukoba ikaenda kumshusha Mwanza huona siku yake imeharibika. Mimi naona kazi iliyofanywa vizuri.

Viwanja vingi vidogo vya nchi hii havina taa za kutulia usiku, hivyo jua ndilo linalofungua na kufunga ratiba. Na jua halitembei sawa katika miji yetu miwili. Saa yetu ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hauigusi Tanzania kabisa. Matokeo yake, kwa wastani wa mwaka jua hufika katikati ya anga la Mtwara saa sita na dakika 19 mchana, na katika anga la Bukoba saa sita na dakika 53. Saa za ukutani ni zilezile, lakini mchana wa Bukoba huanza na kuisha kama nusu saa baadaye. Mtwara kwa kuwa iko kusini zaidi, pengo la machweo hukua hadi karibu dakika 50 mwezi Juni na kushuka chini ya dakika 20 mwezi Desemba. Ndege inayoondoka Bukoba alasiri kuelekea Mtwara inaukimbilia usiku, na usiku nao unaikimbilia. Ndege inayotoka Mtwara asubuhi kwenda Bukoba inaweza kufika kabla mawingu ya ziwani hayajatawanyika.

Tumeona hesabu, ndege, upepo, ardhi na jua. Vyote hivyo kwa pamoja havijafikisha saa nne. Siku nzima ya mwalimu wetu imepotelea wapi?

Imepotelea Dar es Salaam. Abiria wa kawaida wa Bukoba kwenda Mtwara hupitia huko, na jambo la kwanza linaloshangaza ni jinsi mzunguko huo ulivyo mdogo. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,025, na kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni 400. Jumla ni 1,425, yaani kilomita 65 tu zaidi ya mstari ulionyooka, chini ya asilimia tano. Q400 inazimaliza kilomita 65 kwa dakika sita. Hata ndege ikishuka Mwanza njiani, kilomita zinabaki karibu zilezile, kwa kuwa Mwanza iko karibu kabisa na mstari wa Bukoba hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo tusiilaumu ramani.

Kinachomchelewesha ni kusubiri. Ndege yake ikifika Dar es Salaam saa nane mchana na ya Mtwara iliondoka saa sita, atalala mjini. Atalipa teksi, chumba na chakula, na siku moja ya ruhusa yake itakuwa imekwenda. Akiwa amekata tiketi mbili za mashirika mawili tofauti, atachukua mzigo wake, atapanga foleni upya na kuukabidhi upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili haina wajibu wa kumsubiri. Hasara yote ni yake. Mzazi aliyepigiwa simu kwamba mwanawe amelazwa katika hospitali ya Ligula, Mtwara, au mtu anayekwenda kuzika, hawezi kupanga safari yake wiki mbili mapema ili iendane na ratiba ya mtu mwingine.

Mashirika yana sababu zao, na ni za haki. Ndege ya viti 76 haiwezi kutegemea watu wachache wanaotaka kwenda Mtwara siku hiyo kutoka Bukoba. Lakini watu hao wakiingia ndege moja na wanaokwenda Dar es Salaam, Zanzibar, Mbeya na Arusha, viti vinajaa. Kituo kikuu kimoja kinawezesha miji 10 kuunganishwa kwa njia tisa tu badala ya 45. Bila mpango huo Bukoba ingekuwa na ndege chache kuliko ilizonazo. Ninachodai ni kidogo zaidi: ikiwa kituo kikuu ndicho kinachounganisha nchi, basi saa za ndege kuingia na kutoka pale zipangwe kwa kumfikiria anayepita, na si anayeishia pale pekee. Ndege za kutoka mikoani zikifika katika muda mmoja wa asubuhi, na za kwenda mikoani zikaondoka saa moja na nusu baadaye, Bukoba na Mtwara zinakuwa saa tano kutoka mlango hadi mlango wa viwanja. Kazi hiyo haihitaji lami mpya wala ndege mpya.

Na kuna njia ya pili, ile niliyoahidi kuirudia. Kutoka Bukoba hadi Dodoma ni kilomita 690 hivi, na kutoka Dodoma hadi Mtwara ni 670 na ushei. Ukijumlisha, mzunguko wa kupitia makao makuu ya nchi unaongeza kilomita tatu au nne tu. Uwanja wa Msalato, nje kidogo ya jiji, umepangwa kuwa na njia ya kurukia ya mita 3,600, inayotosha ndege yoyote iliyotajwa humu. Watumishi wa serikali wa Kagera wanakwenda Dodoma, na wa Mtwara na Lindi pia. Wabunge wanakwenda, wanafunzi wa vyuo wanakwenda. Ndege moja ya pangaboi ingewachukua wote hao bila kumsubiri msafiri wa Bukoba kwenda Mtwara, na yeye angebaki kwenye kiti chake wakati wengine wakishuka. Mruko wa kwanza ungechukua saa moja na dakika 25, wa pili pungufu kidogo ya huo, na kati yake dakika 40 za kushusha, kupakia na kujaza mafuta. Kutoka Bukoba saa tatu asubuhi, ndege ingekuwa Mtwara saa sita na nusu mchana.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, iko Bukoba kwenyewe, kwenye ile njia fupi iliyo juu ya usawa wa bahari. Mafuta ya kwenda Dodoma ni machache kuliko ya kwenda moja kwa moja hadi Dar es Salaam, kwa kuwa kilomita zimepungua kwa theluthi moja. Kila kilo ya mafuta isiyobebwa inaacha nafasi ya kilo moja ya abiria au mzigo katika ndege ambayo uzito wake wa kuruka tayari umebanwa na mita 1,500 za lami. Siku ya joto, pale ambapo leo mizigo inaweza kuachwa ili ndege inyanyuke salama, ndege ya Dodoma ingeondoka na watu wake, kahawa yao na mizigo yao yote.